Otofokasi ya kamera za DSLR: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Goma

Maswali haya kuhusu otofokasi (kamera kujitafutia yenyewe umbali wa kitu ili kitoke safi) kwenye DSLR, kamera zenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, nimeyakusanya kutoka kwa vijana wanaopiga harusi, ubatizo na mechi hapa mjini, na kutoka kwa watu wazima waliojinunulia kamera ya kwanza, mara nyingi ya mtumba. Karibu wote huanza hivi: "Apareyi yangu inatoa picha flu," yaani kamera yangu inatoa picha zilizofifia. Na wengi huja wakiwa wameshaamua kwamba kamera ni mbovu. Mara chache ni kweli. Mara nyingi kamera imefokasi sawasawa kabisa, ila mahali ambapo mpigaji hakukusudia. Ndiyo maana majibu mengine hapa ni marefu: nataka uweze kutofautisha mwenyewe mambo hayo mawili kabla hujampa fundi dola zako.

Picha imetoka flu. Nitajuaje kama kosa ni la fokasi?

Ikuze picha kwenye skrini hadi mwisho, na usitazame uso kwanza. Tazama ardhi, zulia, meza, nguo za watu waliosimama mbele na nyuma. Ukikuta kitu kilicho safi, tuseme mawe ya lava karibu na miguu yanaonekana moja moja lakini macho yamefifia, basi fokasi ilikwenda kwenye mawe. Ukikuta hakuna kilicho safi popote, na kila taa imechora kamstari kuelekea upande mmoja, mkono wako ulitikisika. Na kama viti na ukuta ni safi ila mikono ya wachezaji imeacha mikia, shata, lile pazia linalofunguka wakati wa kupiga, ilikuwa ya polepole kuliko wao.

Piga tena kwa 1/250 ya sekunde au haraka zaidi. Kama hali haibadiliki, endelea kusoma.

Kamera inajuaje mtu yuko wapi?

Ukitoa lenzi na kuchungulia ndani ya DSLR, unaona kioo kimekaa mshazari. Kioo hicho hupeleka mwanga juu, kwenye kidirisha unachoweka jicho. Sehemu yake ya katikati, hata hivyo, hupitisha mwanga kidogo, na nyuma yake kuna kioo kingine kidogo kinachoutupa mwanga huo chini, sakafuni mwa kamera. Huko chini ndiko iliko moduli ya otofokasi.

Moduli hupokea mwanga uliopita ukingo mmoja wa lenzi na ule uliopita ukingo wa pili, ikapata picha mbili ndogo za kitu kilekile. Nyosha kidole mbele ya uso, ufumbe jicho moja, kisha ubadilishe: kidole kinaonekana kuhama. Hesabu ya moduli ni ya namna hiyo. Jinsi picha zile mbili zilivyoachana ndivyo kamera inavyojua kwamba fokasi imeangukia mbele au nyuma, na kwa kiasi gani, kisha inaiamuru mota ya lenzi izunguke kiasi hicho hicho. Kwa sababu hiyo DSLR iliyo nzima hukamata mara moja bila kupapasa.

Njia hii ni ya siku nyingi. Minolta 7000 ya mwaka 1985 ndiyo iliyoifanya otofokasi iwe jambo la kila siku kwenye kamera za aina hii, na Canon wakaja na mfumo wao wa EOS mwaka 1987, mota ikiwa ndani ya lenzi yenyewe.

Sasa shika jambo hili, kwa sababu nusu ya majibu yanayofuata yanatoka hapo: moduli haiioni picha utakayoipata. Inaona mwanga uliokwenda njia nyingine, na inaamini tu kwamba njia yake ina urefu sawasawa na ile ya kwenda kwenye kihisi kikuu kinachopiga picha. Kile kioo kidogo kikihama hata kwa unene wa unywele, kamera itakulilia "tii" kwa uhakika wote, na picha itakuwa imekosea.

Kwa nini kamera yangu ina nukta 9 na ya mwenzangu ina 45? Ni lazima nibadilishe?

Nukta ni mahali kwenye fremu ambapo moduli inasoma fokasi. Idadi yake inakupa nafasi nyingi za kuweka fokasi. Haikupi usahihi. Kinacholeta usahihi ni aina ya nukta. Nukta ya kawaida husoma mistari ya upande mmoja tu: ikiwa imejengwa kusoma mistari ya wima, ukiielekeza kwenye ukingo wa meza uliolala itahangaika. Nukta ya msalaba husoma pande zote mbili.

Canon 1200D ina nukta 9, na ya katikati pekee ndiyo ya msalaba. Nikon D3200 ina 11, hali ni ileile. Hata 5D Mark II, kamera iliyopiga harusi nyingi kubwa duniani, ina msalaba katikati tu. Kwenye 700D zote 9 ni misalaba, na kwenye 80D zote 45. Ukiwa na kamera ya kundi la kwanza, jua kwamba nukta za pembeni ni wasaidizi. Kwenye giza tegemea ya katikati.

Jambo la pili ni uangavu wa lenzi. Namba ya f hupima tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga ni mwingi. Nukta nyingi hufanya kazi mpaka f/5.6. Baadhi, hasa za katikati kwenye kamera za juu, hupata nguvu ya ziada lenzi ikiwa f/2.8 au angavu zaidi, kwa kuwa hutazama kingo zilizoachana zaidi, na pengo likiwa pana kosa dogo linaonekana. Canon wenyewe walieleza kipimo chao hivi: nukta ya kawaida inatakiwa iangukie ndani ya kina cha fokasi (nafasi ya mbele na nyuma inayobaki safi), na ile ya f/2.8 iangukie ndani ya theluthi moja yake. Kwa hiyo lenzi angavu inaisaidia otofokasi hata kama utapiga kwa f/8, maana kamera hufokasi tundu likiwa wazi kabisa na hulifunga wakati wa kupiga tu.

Kwa nini kamera inakamata ukuta wa nyuma, au mkono, badala ya uso?

Kwa sababu umeiachia ichague. Ukiacha nukta zote ziwe wazi, DSLR nyingi hupendelea kilicho karibu zaidi chenye mistari inayosomeka. Nilijifunza hili kwa uchungu, kwenye harusi moja Himbi. Bibi harusi alikuwa akitia sahihi, nami nilikuwa na 50mm kwa f/1.8, nukta zote wazi. Picha zote za tukio lile zilitoka na kalamu safi kabisa na macho yaliyofifia. Hakuna wa kumrudisha mezani atie sahihi tena. Tangu siku ile nachagua nukta moja, mimi mwenyewe, na naiweka kwenye jicho lililo karibu nami.

Ila nukta moja nayo ina siri. Kile kimraba kidogo unachokiona kwenye kidirisha ni alama tu. Eneo halisi linalosoma mara nyingi ni kubwa kuliko alama. Ukiweka kimraba kwenye shavu la mtu aliyesimama mbele ya kitenge chenye maua makali, eneo linagusa kitenge, na kitenge kina mistari mikali kuliko shavu. Kamera inakwenda kwenye mistari.

Hapo ndipo ngozi yetu inapoingia kwenye mazungumzo, na napenda lisemwe wazi. Paji la uso au shavu laini, jeusi, kwenye mwanga hafifu, halina mistari ya kusomwa. Shavu jeupe laini nalo halina, lakini kwa mwanga ule ule shavu jeusi linarudisha mwanga mchache zaidi kwenye moduli. Usiweke nukta shavuni. Iweke pale weupe wa jicho unapokutana na kope, au kwenye nyusi, au mahali nywele zinapoanza. Kama mtu yuko mbali na jicho ni dogo mno, kola ya shati iliyo umbali sawa na uso inatosha.

Nina 50mm f/1.8 na watu wote wanaisifu, mbona yangu inakosa kila mara?

Hebu tuhesabu. Kwenye kamera ya kihisi kidogo kama 1200D au D3200, lenzi hiyo ikiwa f/1.8 na mtu akiwa mita 2, kina cha fokasi ni kama sentimita 11, mbele na nyuma kwa pamoja. Akiwa mita 1, hazifiki hata 3. Kutoka ncha ya pua hadi jichoni ni karibu hizo hizo. Mtu akivuta pumzi tu, ametoka. Funga hadi f/4 kwa mita 2 na unapata kama sentimita 24, uso mzima na nafasi ya kupumulia.

Sikukatazi f/1.8. Nasema ujue unachokiomba, na upige tatu au nne badala ya moja. Ongeza kwamba EF 50mm f/1.8 II ya mwaka 1990, ambayo bado imejaa mjini, ina mota ndogo yenye kelele na hatua za kubahatisha. Ile ya STM iliyotoka mwaka 2015 ni tulivu na inaaminika zaidi. Kama pesa inaruhusu, tafuta hiyo.

Ukumbini usiku lenzi inakwenda na kurudi, haikamati. Nifanye nini?

Hili ni swali la kila Jumamosi. Umeme umekatika, jenereta inawaka, taa ni mbili tatu, na nyingine ni za rangi zinazozunguka. Moduli inahitaji mwanga, na kila kamera ina kikomo chake. 1200D imeandikiwa kufanya kazi mpaka EV 0; EV ni kipimo cha mwanga, kikishuka hatua moja mwanga umepungua nusu. Nukta ya katikati ya Canon 6D inashuka hadi EV -3. Tofauti ya hatua 3 maana yake ni mwanga mdogo mara 8. Hakuna ujanja wa menyu utakaoziba pengo hilo, lakini yapo mambo ya kufanya.

Kwanza tumia nukta ya katikati. Pili, usivute zuum ya 18-55 hadi mwisho: kwenye 18 lenzi ni f/3.5, kwenye 55 imeshakuwa f/5.6, na moduli inabaki na mwanga mchache. Sogea kwa miguu. Tatu, na wengi hawalijui, flashi ya nje ina taa nyekundu inayochora mistari juu ya mtu ili kamera iisome. Taa hiyo hufanya kazi katika fokasi ya kukamata mara moja tu, ile ya One Shot au AF-S. Ukiwa kwenye fokasi ya kufuata mwendo, AI Servo au AF-C, haiwaki, hata ubonyeze vipi. Nimewaona vijana wakilaumu flashi mpya kwa sababu hiyo tu.

Kisha jihadhari na rangi. Lenzi haikusanyi rangi zote mahali pamoja kwa usawa, na taa ya njano sana au nyekundu tupu inaweza kuipotosha moduli kidogo. Kama MC ana taa za rangi, subiri sekunde ile taa nyeupe inapopita usoni, kamata hapo. Na pale ambapo wanandoa watasimama mahali panapojulikana, kama kwenye keki, kamata fokasi mapema kwa kumtumia mtu mwingine kabla hawajafika, kisha zima otofokasi kwenye lenzi na usikiguse kitu mpaka wakate.

Nikifunga fokasi kwa nukta ya katikati, halafu nikasogeza fremu, kuna ubaya?

Kwa mtu mzima wima, mita 4, f/5.6, hakuna. Kwa uso wa karibu kwa f/1.8, upo. Ukizungusha kamera, bamba zima la fokasi, yaani ule umbali ulio safi, linazunguka nawe. Mtu akiwa mita 1.5 na wewe ukazungusha nyuzi 10, bamba linaangukia nyuma yake kwa karibu sentimita 2.3. Kwa 50mm f/1.8 kwenye kihisi kidogo, nafasi uliyo nayo kila upande kwa umbali huo ni kama sentimita 3. Umeitumia karibu yote kabla hata mtu hajajisogeza. Hapo nukta ya pembeni, hata kama si msalaba, inakufaa zaidi, mradi kuna mwanga.

Napiga chukudu (zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo) na mpira. Nitumie fokasi gani?

Ya kufuata: AI Servo kwa Canon, AF-C kwa Nikon. Fokasi ya kukamata mara moja hufunga umbali na kunyamaza. Bibi harusi anayetembea kuelekea kwako hupita zaidi ya mita 1 kwa sekunde. Ukisubiri nusu sekunde baada ya "tii", ameshatoka kwenye kina. Chukudu iliyojaa viazi, inayoteremka kutoka Kibumba, sina haja ya kukuambia inakuja na kasi gani.

Fokasi ya kufuata inapima tena na tena, na kwa vipimo hivyo inakisia kitu kitakuwa wapi kioo kikishainuka na shata kufunguka. Inahitaji kupewa muda wa kujifunza mwendo. Kwa hiyo usibonyeze chukudu ikiwa imeshafika. Iweke nukta kwenye kifua cha msukumaji ikiwa ingali mbali, ifuate kwa sekunde moja au mbili, ndipo upige mfululizo. Wanaobonyeza ghafla ndio wanaorudi kuniambia kwamba AF-C haina maana.

Jua pia kwamba hapa hutasikia mlio, na kwa mpangilio wa kawaida kamera itapiga hata kama fokasi haijafika. Ni makusudi: inaona afadhali upate picha kuliko ukose. Kwa hiyo kazi ya kushikilia nukta juu ya mtu ni yako.

Kwenye Stade de l'Unité, ukiwa nyuma ya goli, wachezaji wengine watakatiza mbele ya unayemfuata. Kamera za juu zina mpangilio wa kuamua zisubiri kiasi gani kabla ya kumwacha. Kwenye za chini suluhisho ni kidole: hamisha kazi ya fokasi kutoka kitufe cha kupigia kwenda kitufe cha nyuma, AF-ON au chenye nyota kwa Canon, AE-L/AF-L kwa Nikon zisizo na AF-ON. Mtu akikatiza, unaachia kidole gumba, fokasi inatulia ilipokuwa, unabonyeza tena akishapita. Siku mbili za kwanza utalaani mpangilio huu. Wiki ya pili hutarudi nyuma.

Ile hali ya tatu, AI Focus au AF-A, inayodai kuamua yenyewe kama mtu anatembea au amesimama, mimi siitumii. Mara nyingi hugundua mwendo ikiwa imechelewa.

Fokasi ya mbele na fokasi ya nyuma ni nini, na nitapimaje yangu?

Ni pale ambapo kamera inakosea kwa kiasi kilekile, upande uleule, kila mara. Neno muhimu ni kila mara. Picha moja ikiwa mbele na nyingine nyuma, hilo si jambo la kurekebishwa kwa menyu. Ni mkono, ni mwanga, ni nukta, au ni lenzi iliyochoka.

Kupima hakuhitaji kifaa cha kununua. Weka kamera kwenye tripodi, nje, kwenye kivuli chenye mwanga mwingi. Mbele yake weka kitu bapa chenye maandishi makali, boksi la maziwa ya unga linafaa, likiitazama lenzi moja kwa moja. Kando yake laza rula au futi ya fundi cherehani ikipanda mshazari, sehemu yake ya katikati ikiwa sambamba na boksi. Umbali uwe kama mara 50 ya urefu wa lenzi: kwa 50mm, mita 2.5. Fungua tundu hadi mwisho. Chagua nukta ya katikati, One Shot, kipima muda cha sekunde 2 ili usiitikise. Weka nukta kwenye boksi, usiiweke kwenye rula, maana eneo la kusoma ni pana na rula iliyolala mshazari itaidanganya.

Kabla ya kila picha zungusha fokasi kwa mkono hadi ipotee kabisa, mara upande wa karibu, mara upande wa mbali, kisha iache ikamate. Piga kumi. Halafu washa Live View, yaani kutazama na kufokasi kupitia skrini ya nyuma, kuza boksi mara 10, fokasi hapo hapo kwenye skrini, piga tatu. Hizi tatu ndizo kipimo chako, kwa sababu Live View inatumia kihisi chenyewe kinachopiga picha, na kosa la kioo halimo kabisa.

Sasa linganisha kwenye kompyuta. Kama zile kumi zinafanana na zile tatu, kamera yako ni nzima. Rudi juu usome kuhusu nukta. Kama zote kumi ni hafifu kuliko zile tatu, na futi inaonyesha eneo safi liko nyuma ya boksi, una fokasi ya nyuma. Kama kumi zimetawanyika, usiguse mpangilio wowote.

Nimepata kosa la kweli. Nalirekebishaje?

Baadhi ya kamera zina marekebisho madogo kwenye menyu, kutoka -20 hadi +20, na zinakumbuka kila lenzi kivyake. Kwa Canon: 50D, 7D, 5D Mark II, 6D, 70D, 80D. 60D iliondolewa uwezo huo, jambo lililowaudhi wengi. Zile zenye tarakimu tatu au nne, 700D, 1200D na ndugu zao, hazina. Kwa Nikon: D300, D7000 na zilizofuata kwenye mstari huo, D610, D750. Za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina.

Namba hasi inavuta fokasi karibu nawe, chanya inaisukuma mbali. Nenda kwa hatua za 5, pima tena, kisha punguza hatua. Kwa zuum ni maafikiano, kwa kuwa kosa la upande mfupi linaweza lisifanane na la upande mrefu. Lenzi za Sigma za kundi la Art, Contemporary na Sports zina kifaa cha USB cha kurekebisha lenzi yenyewe, na Tamron wana chao. Hicho kinakufaa hata kama kamera haina menyu.

Kama huna kimoja kati ya hivyo, tumia Live View kwa picha za utulivu na f/4 au f/5.6 kwa mengine. Ni jibu halali. Usimruhusu mtu afungue kamera kugeuza skurubu za kioo kwa kukadiria kwa macho. Skurubu hizo zipo kweli, na nimeletewa kamera ambazo baada ya mikono ya namna hiyo hazikufokasi tena na lenzi yoyote.

Kama Live View ni sahihi hivyo, kwa nini tusiitumie daima?

Kwenye DSLR nyingi ni polepole: lenzi inakwenda, inapita, inarudi, ikitafuta mahali ambapo mistari ni mikali kuliko kwingine. Kwa picha ya pasipoti au bidhaa, itumie bila wasiwasi. Canon 70D ya mwaka 2013 ilileta kihisi ambacho kila kinukta chake kimegawanywa viwili, nacho kinajua upande wa kwenda, hivyo Live View yake ni ya haraka. Nikon waliiweka kazi kama hiyo kwenye D780 mwaka 2020.

Nimenunua lenzi ya Nikon na haifokasi kabisa kwenye D3200 yangu.

Soma maandishi ya lenzi. Ikiwa ni AF au AF-D tu, haina mota. Inategemea mota iliyo ndani ya kamera, na kamera za mfululizo wa D3000 na D5000, D3200 yako ikiwamo, hazina. Unahitaji lenzi iliyoandikwa AF-S (hapa ni jina la lenzi, si ile hali ya fokasi) au AF-P, na hii ya pili uulize kwanza kama kamera yako inaikubali, kwa sababu za zamani haziikubali zote.

Vumbi na jivu la hapa vinaathiri fokasi?

Vinaathiri. Wakati wa mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, mwezi wa tano 2021, jivu liliingia hata ndani ya makabati. Moduli iko sakafuni mwa chumba cha kioo, na vumbi huanguka chini. Kichembe kimoja juu yake kinaweza kuifanya nukta moja iwe kaidi huku nyingine ni nzima. Hiyo ndiyo dalili.

Elekeza mdomo wa kamera chini, tumia pampu ya mpira ya mkono, puliza. Usipulize kwa mdomo, mate yatafika. Usipanguse kioo kwa kitambaa wala pamba: utando wake wa kuakisi uko juu, si nyuma kama kioo cha nyumbani, nao unachunika. Vile vidoti vya metali vinavyopitisha umeme kati ya lenzi na kamera ndivyo unavyoweza kupangusa, kwa kitambaa kikavu safi. Vikichafuka, lenzi husitasita au hukataa kabisa. Na badilisha lenzi ndani ya gari au chini ya koti, usibadilishie kando ya barabara ya lava wakati malori yanapita.

Filta ya giza kwa picha za ziwani imeharibu otofokasi. Kwa nini?

Kama ni filta ya kupunguza mng'ao wa maji, angalia aina. Zile za zamani za mstari zinapanga mwanga upande mmoja, na kile kioo kinachopitisha sehemu ya mwanga hakielewani nao. DSLR inataka ile ya mviringo, iliyoandikwa C-PL.

Usiku nataka kupiga mwanga mwekundu wa Nyiragongo. Kamera haikamati.

Anga nyekundu haina mstari. Tumia Live View, kuza mara 10 kwenye ukingo wa kreta au kwenye taa ya mbali kabisa ya mjini, zungusha kwa mkono mpaka taa iwe kidoa kidogo kuliko vyote, kisha weka lenzi kwenye MF, fokasi ya mkono. Usizungushe hadi mwisho ukidhani ndipo pa mbali: lenzi nyingi za otofokasi hupita hapo. Bandika selotepu kwenye pete kama utahama.

Na sokwe wa Virunga?

Manyoya meusi, kivuli, na majani mbele. Nukta moja, kwenye mfupa wa juu ya jicho ambako mwanga unagonga. Jani likikatiza, zungusha kwa mkono hadi karibu, kisha acha otofokasi imalizie. Flashi hairuhusiwi, na hiyo taa ya kusaidia fokasi izime kwenye menyu kabla hujapanda.

Nataka kununua DSLR ya mtumba Birere. Nikague vipi fokasi hapo hapo?

Nenda mchana, ukiwa na kadi yako na, ikiwezekana, lenzi unayoijua. Jaribu nukta moja moja, zote, kwenye maandishi ya kibao cha duka ng'ambo ya barabara. Nukta inayokataa peke yake inaweza kuwa vumbi. Zote zikiyumba, shuku kioo. Piga picha tano kwa kidirisha na mbili kwa Live View, kitu kilekile, tundu wazi, ukuze ulinganishe. Toa lenzi utazame kioo: alama za vidole, mikwaruzo, au kioo kidogo cha nyuma kinacholegea ukikiinua kioo kikubwa taratibu. Sikiliza mota kutoka karibu hadi mbali. Mkwaruzo wa mchanga unasikika. Kagua skurubu za chini za kamera kama vichwa vyake vimeliwa, maana hiyo ni kamera iliyokwisha kufunguliwa.

Muuzaji akikuambia picha za kujaribu zitazamwe kwenye skrini ndogo tu, mwombe mpeleke kadi kwenye kompyuta ya jirani. Akikataa, mshukuru, umrudishie kamera yake.